Bibi, Mjukuu na Kijiko Kimoja

Mwanangu alikutwa na ugonjwa wa siliaki mwaka 2017, akiwa na miaka sita. Kabla ya hapo tumbo lilimjaa kama ngoma, miguu ikawa miembamba, damu ikapungua, na kila mwezi tulikuwa kliniki, leo tukiambiwa minyoo, kesho maziwa. Mwishowe kipimo cha damu kikaonyesha dalili, kisha akapitishiwa mrija wenye kamera hadi kwenye utumbo mwembamba, vikakatwa vipande vidogo vya kupimwa. Daktari alinichorea kwenye karatasi. Ndani ya utumbo kuna vinyweleo vidogo mno vinavyofyonza chakula. Mwenye siliaki akila ngano, shayiri au rai, nafaka jamaa ya ngano, kinga ya mwili wake inavigeukia vinyweleo hivyo na kuvishambulia, vinalala kama majani yaliyokanyagwa na ng'ombe, chakula kinapita bila kumfaa. Dawa ya kumeza hakuna. Anaacha gluteni, ile protini iliyomo kwenye nafaka hizo, maisha yake yote, na anaiacha kabisa, hadi makombo.

Niliseme hili hapa hapa, kwa kuwa nimeona wazazi wakilikosea: ukishuku mtoto wako ana siliaki, usimwachishe ngano kabla hajapimwa. Vipimo vinatafuta madhara ya ngano mwilini. Ukiiondoa mapema, majibu yanaweza kutoka safi na mtoto bado ni mgonjwa.

Nyumbani haikutuelemea sana. Tunaishi Georgia, Marekani, lakini jiko letu bado ni la Tanga: wali wa nazi, ugali wa mahindi, bada la muhogo, samaki wa kupaka, maharage, ndizi. Chapati na maandazi tuliyaaga, watoto wakalia siku mbili tatu, wakazoea. Shida ilikuwa kutoka. Na sijaona mahali panapombana mtoto wa namna hii kama bustani kubwa za burudani, zile za bembea na treni za mteremko. Unaingia saa tatu asubuhi, unatoka usiku. Jua kali, foleni ndefu, na kila hatua kumi kuna harufu ya kitu kinachokaangwa.

Mara ya kwanza tulikwenda kiangazi cha 2018. Bustani hiyo siitaji. Nilibeba wali kwenye hotipoti, mayai ya kuchemsha na ndizi, getini nikaambiwa chakula cha nje hakiingii. Ningekuwa na barua ya daktari ningeitoa, na leo siendi popote bila hiyo barua, lakini siku ile sikuwa nayo, wala sikujua kwamba ningeweza kuomba kuonana na msimamizi. Nilimwaga wali wa mwanangu kwenye pipa la taka huku ananiangalia.

Kufika saa nane mchana macho yalikuwa yamemwingia ndani kwa njaa. Nikaenda dirishani kwenye kibanda cha chipsi, nikamwuliza binti aliyekuwa akiuza, "Chipsi zenu zina ngano?" Akageuka akauliza ndani, akarudi na tabasamu: hapana, ni viazi na chumvi tu. Nikanunua sahani kubwa.

Jibu lile lilikuwa la kweli, viazi ni viazi. Ila nyuma ya yule binti palikuwa na karai moja refu la mafuta, na kikapu cha waya kilichotoa chipsi zetu ndicho kilichokuwa kimetoka kukaanga kuku waliogaragazwa kwenye unga wa ngano. Nilikiona kwa macho yangu. Niliona hata vile vipande vyeusi vya gamba la kuku vikielea juu ya mafuta, vikizunguka na kuganda kwenye kingo. Nilikuwa natazama na sikuelewa ninachokitazama.

Usiku ule hotelini alitapika mpaka hakuna kilichobaki. Alilala sakafuni bafuni, shavu kwenye vigae kwa ajili ya ubaridi, mimi nimekaa kando yake nikimpa maji kijiko kimoja kimoja. Kama saa saba hivi akaniuliza, "Mama, si nilikula viazi?"

Swali hilo nililibeba mwaka mzima. Yule binti hakunidanganya. Niliuliza ndani ya chakula kuna nini, na nilipaswa kuuliza chakula kimepita wapi. Tangu hapo maswali yangu ni mengine. Mafuta haya yamekaanga nini kingine? Chuma hiki cha kuchomea nyama, mkate wa baga umechomwa hapo hapo? Maji haya ya kuchemshia yamechemsha tambi? Huyu anayepakua, glavu alizovaa zimeshika mkate? Sosi hii ina soya ya chupa? Maana soya ya chupa mara nyingi hutengenezwa kwa ngano, na hilo wengi hawalijui, hata wapishi. Marekani ina kanuni kwamba chakula cha pakiti kikiandikwa hakina gluteni, gluteni iliyomo iwe chini ya miligramu 20 kwa kilo. Miligramu 20! Chukua kilo nzima ya wali, kisha fikiria chumvi pungufu sana ya ile unayoibana kwa vidole viwili. Hicho ndicho kiasi tunachokizungumzia, na mafuta ya kuku wa unga yanaweza kukipita.

Kuna jambo lilikuwa gumu kuliko kujua maswali, nalo ni kuyatamka. Sisi tumelelewa kwamba mpishi hahojiwi. Ukikaribishwa unanawa, unapiga bismillahi, unakula. Kumwuliza mwenye chakula ameosha nini na amegusa nini ni kumtukana. Mimi nilipokuwa dirishani nikiuliza, na nyuma yangu watu kumi na tano wanasubiri na jua lao, sauti ilikuwa ikinipungua. Nikijibiwa kwa mkato nilisema asante na kuondoka. Aliyekuja kunitoa kwenye aibu hiyo ni mama yangu, na wala hakukusudia.

Mama alikuja kututembelea Aprili 2019. Alishuka uwanja wa ndege na begi lililojaa visheti vya unga wa ngano na kashata za nazi, na jambo la kwanza kumuuma ni kwamba mjukuu wake hali visheti. Bibi zetu huwaita wajukuu wa kiume waume zao, na yeye humwita hivyo hivyo. "Mume wangu, onja kimoja tu. Kidogo hakimdhuru mtu." Nikimweleza ugonjwa ananisikiliza, anatikisa kichwa kwa huruma, kisha baada ya saa moja namkuta tena na kisheti mkononi. Kwake mtoto aliyekonda anatibiwa kwa kulishwa. Hakuwa mkaidi, alikuwa na mapenzi.

Wiki ya likizo ya shule tukaendesha gari kwenda Orlando, Florida, mwendo wa saa saba. Nilikuwa nimechagua Walt Disney World, na niliichagua kwa sababu ya chakula kwanza, michezo baadaye. Getini kwao unaruhusiwa kuingia na chakula chako, ilimradi kisiwe kwenye vyombo vya glasi na kisihitaji kupashwa moto. Boksi la baridi linaruhusiwa kwa kipimo, na barafu tupu ya vipande hairuhusiwi, kwa hiyo unatumia zile pakiti za kugandisha. Kwenye mikahawa yao mingi kuna menyu ya pembeni kwa wenye mizio, na hata ukiagiza kwa simu unaichagua hiyo. Taratibu hizi hubadilika, kwa hiyo nazisoma upya kabla ya kila safari.

Tulilala njiani kwenye hoteli ya kawaida. Asubuhi, meza ya kujipakulia: mayai ya kuvuruga, bekoni, mikate, matunda. Mama alishika sahani, akasogea kwenye mayai. Mbele yake alikuwepo bwana mmoja ambaye alichota mayai, kisha kwa kijiko kile kile akasukumia vipande vya bekoni sahanini mwake, akakirudisha kijiko kwenye mayai. Mama akasimama. Akaiweka sahani chini taratibu, akaja mezani mikono mitupu.

"Hayo mayai siyali," akasema. "Kijiko kimegusa nguruwe."

Nikamwangalia. Mwanangu alikuwa kando, anamenya chungwa. Nikasema, "Mama, si kimegusa kidogo tu?"

Akanitazama kama nimemwambia tusi. "Kidogo? Haramu ina kidogo?"

"Basi ngano kwa mjukuu wako ni hivyo hivyo," nikamwambia. "Kijiko kikigusa mkate kisha kikagusa wali, wali ule si wake tena."

Hakunijibu. Alikunywa chai yake kavu, akaangalia ile meza muda mrefu: kijiko cha mayai, kibanio cha bekoni, makombo ya mkate yaliyotapakaa mpaka kwenye bakuli la matunda. Kisha akavuta begi lake, akatoa kashata mbili, moja yake, moja ya mume wake. Visheti sikuviona tena mpaka aliporudi Tanga.

Mimi nimefikiri sana juu ya asubuhi hiyo. Miaka miwili nilikuwa nikimweleza mama yangu habari za utumbo na vinyweleo, na kumbe maneno aliyoyahitaji tulikuwa nayo nyumbani. Mtu aliyekulia Tanga anajua sufuria iliyopikiwa haramu haipikiwi halali. Anajua kuuliza nyama kachinja nani, na anauliza bila kuinamisha macho, kwa kuwa anailinda dini yake. Hamwombi mtu radhi. Nami nikajiambia, mwiko wa mwanangu nitausimamia hivyo hivyo.

Jioni hiyo tulikuwa na nafasi kwenye mkahawa uitwao Boma, ndani ya hoteli ya Animal Kingdom Lodge. Hoteli ile imejaa maneno yetu. Jengo moja linaitwa Jambo House, jingine Kidani Village, na mikahawa mingine ni Jiko na Sanaa, na nje ya madirisha kuna twiga na pundamilia wakila majani. Mama alikuwa akisoma kila kibao kwa sauti. Boma ni wa kujipakulia, na kujipakulia, kwa mwenye siliaki, ni hatari kubwa, kama mnavyoona kwa kile kijiko cha asubuhi. Lakini nilipoweka nafasi nilikuwa nimeandika siliaki, na tulipokaa mpishi akaja mwenyewe mezani, mtu mzima, kofia nyeupe, kalamu sikioni. Akatutoa kwenye viti, akatembea nasi sahani baada ya sahani.

Kilichonifurahisha ni jinsi alivyotueleza. Hakutuambia tu hiki ndiyo, hiki hapana. Alitaja sababu. Bobotie, nyama ya kusaga ya Afrika Kusini, hapana, maana hufungwa kwa mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Supu hii imetiwa unga wa kuifanya nzito. Wali huu hauna kitu, lakini upo jirani na sinia la mikate, kwa hiyo nitakuletea wa ndani ambao hakuna mgeni aliyeugusa. Mama akanivuta mkono. "Mwulize na mimi. Nyama imechinjwa vipi? Na wapi pana pombe?" Nikatafsiri. Mpishi akasema wazi kwamba nyama pale mezani haikuwa ya halali, akamwelekeza kwenye samaki na mboga. Kisha akageukia meza ya vitamu, akaonyesha vile vikuba vidogo vyeupe vyenye mistari ya chokoleti kama pundamilia, ambavyo kila mtoto ukumbini alikuwa amejaza sahani. Vile, akasema, vina Amarula, pombe ya maziwa inayotengenezwa kwa matunda ya mng'ongo.

Mama alikuwa na kimoja sahanini tayari. Alikirudisha kwa mhudumu na kumshukuru.

Mwanangu aliona yote hayo. Alimwona bibi yake, mtu mzima anayeheshimiwa na kila mtu nyumbani kwetu, akiuliza, akijibiwa, akikataa kwa upole, na hakuna aliyenuna. Sahani ya wali na samaki ilipotoka jikoni kwa ajili yake, mpishi akaishika kwa mikono yake mwenyewe na kumwambia ilipopikiwa, mtoto akauliza kwa sauti ndogo, "Glavu ulibadilisha?" Akaambiwa ndiyo. Akala yote.

Kesho yake tuliingia Animal Kingdom yenyewe, bustani iliyofunguliwa mwaka 1998. Sehemu yake ya Afrika ni kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, kimejengwa kama mji wa pwani ya Afrika Mashariki, kuta zimechujuka rangi, matangazo ya Kiswahili yamebandikwa. Mama aliona jina hilo limeandikwa kwa e moja, akasema Wakenya huliandika kwa mbili. Kijana mmoja wa kazi akamwambia "Jambo!", naye akamjibu kwa ukamilifu wake wote: sijambo mwanangu, habari za tangu asubuhi, wazima nyumbani? Kijana akacheka kwa furaha, akamshika mkono. Nilimwona mama yangu akitembea maili elfu kadhaa kutoka kwao kana kwamba yuko kwao, na moyo wangu ulijaa.

Kuhusu kula siku nzima, nilichojifunza pale nakitumia mpaka leo. Tunakula mapema, saa nne na nusu au saa tano, kabla ya msongamano. Saa saba mchana jiko limeelemewa, mpishi hana dakika ya kukusikiliza, na vyombo vimeshagusa kila kitu. Saa tano jiko bado halijaelemewa, na anayesimamia anaweza kutoka nje kuzungumza nawe. Chakula cha mwenye mzio huchukua muda, mara nyingine nusu saa, kwa hiyo mtoto anakula kitu kidogo kwenye foleni kabla hajaanza kulia. Hapo ndipo kashata za mama zilipofanya kazi kuliko kitu chochote nilichonunua dukani: nazi na sukari, haziyeyuki kwenye jua, hazimwagiki, kipande kimoja kinamtuliza mtoto saa nzima. Nazifunga moja moja kwenye karatasi. Mihogo ya kuchemsha nayo inafaa, ila ikae kwenye baridi. Na maji usinunue: kwenye kaunta zao za chakula ukiomba kikombe cha maji ya barafu unapewa bure.

Pale Harambe nilimwacha aagize mwenyewe. Alikuwa na miaka minane, kidevu kimefika kaunta kwa shida. Nyuma yetu palikuwa na watu, na nilijua anajua wapo, maana aligeuka mara moja kuwaangalia. Bibi yake akaweka mkono begani mwake. Mtoto akasema, kwa Kiingereza chake cha Georgia, kwamba ana siliaki na anataka kujua chipsi zinakaangwa mafuta gani. Mhudumu akamwita msimamizi. Msimamizi akachutama mpaka macho yao yakalingana, wakazungumza wao wawili. Mimi sikutia neno. Tulisubiri kama dakika 20, na nilihesabu kila moja. Usiku ule alilala mpaka asubuhi, na mimi niliamka mara tatu kumsikiliza anavyopumua.

Mwaka 2022, mwezi wa Desemba, tukaenda Tanga. Safari hiyo niliiogopa kuliko Florida, kwa sababu kwetu hakuna menyu ya pembeni na kila nyumba utakayoingia utakaribishwa sinia. Vitumbua, ambavyo kila mtu angeapa ni mchele mtupu, wapishi wengine huvitia unga wa ngano kidogo vishikane. Chipsi za barabarani hukaangwa kwenye karai lililotoka kukaanga sambusa. Nilijaza begi pakiti za chakula kama mtu anayekwenda vitani.

Asubuhi ya pili mama akajitanda khanga, akabeba mchele kwenye beseni, akamwita mjukuu wake waende mashineni kusagisha unga wa vitumbua. Nikafuata. Mashine ilikuwa inanguruma, msagaji amekuwa mweupe mpaka kope. Alipomwona akaizima, akapokea beseni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kwanza. Hii mashine kabla yangu imesaga nini?"

Kijana akashangaa. "Mahindi, bibi."

"Na kabla ya mahindi?"

Akafikiri. "Jana jioni kulikuwa na mama mmoja wa ngano. Lakini kidogo tu, bibi. Kilo mbili."

Mama akanyoosha mikono, akalichukua beseni lake. "Ahsante, mwanangu. Kazi njema." Akamshika mjukuu mkono, wakanipita, wakashika njia ya nyumba ya jirani kuazima kinu.